E kubwa, mstari mwekundu na namba 555: jinzi hii ni ya mwaka gani?

Swali: Shikamoo mzee. Nauza mitumba Ilala, upande wa suruali, mwaka wa nne sasa. Wiki mbili zilizopita nilifungua belo la jinzi nikakuta Levi's 501 moja nzito kuliko zote. Kilebo chekundu cha mfukoni kimeandikwa LEVI'S kwa E kubwa, ukikunja mguu unaona ukingo mweupe wenye mstari mwekundu, na nyuma ya kifungo cha juu pamegongwa 555. Ndani kuna kitu kilikatwa kwa mkasi. Mteja mmoja anasema 555 maana yake Mei 1955, na ananipa laki moja na nusu. Mwingine anasema nisiiachie chini ya milioni tano. Mimi nimeanza kutamani kuziweka za zamani badala ya kuuza zote. Hii ni ya mwaka gani? Na kitambaa nijifunzeje, maana kila mtu anataja selveji, twili, mara ringi, nami naitikia tu kama naelewa.

Jibu: Marahaba binti yangu.

Nianze na linalokukosesha usingizi. Suruali yako haikushonwa mwaka 1955. Umri wake ni kati ya miaka ishirini na thelathini, na 555 haihusiani na Mei wala na mwaka wowote. Ni namba ya kiwanda. Levi Strauss & Co. walikuwa na kiwanda Valencia Street, San Francisco, kilichojengwa baada ya tetemeko la ardhi la 1906 na kufungwa mwaka 2002. Katika miaka ya 1990 na mpaka kilipofungwa, mafundi wa pale walishona nakala za suruali za kale za kampuni hiyohiyo: ya mtindo wa 1947, ya mtindo wa 1955, na nyinginezo. Walizinakili kwa uaminifu. E kubwa wameiweka, ukingo wenye mstari mwekundu upo, hata ribiti, zile pini za chuma, za mifuko ya nyuma wamezificha ndani kama zilivyofichwa zamani. Kifungoni ndipo wakagonga 555. Zile za miaka ya 1950 zenyewe, ukigeuza kifungo cha juu, unakuta herufi, au tarakimu moja au mbili basi.

Na kile kilichokatwa kwa mkasi ni lebo ya maelekezo ya kufua. Nguo za Marekani zilianza kulazimishwa kuwa na lebo hiyo kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 1971, ikaanza kutumika 1972. Suruali ya 1955 haikuzaliwa nayo, kwa hiyo haina cha kukatwa. Washa tochi ya simu uangalie kwenye mshono wa ndani: bila shaka kuna kisiki cha lebo, kipande chembamba cheupe kilichobanwa na uzi. Aliyeikata huenda ilikuwa inamwasha tu. Lakini wapo wanaoikata makusudi ili nakala ionekane ya kale, na kisiki ndicho kinachowaumbua.

Kuhusu bei, wateja wako wote wawili wamekosea. Suruali halisi ya 501 ya miaka ya 1950 yenye hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola. Nakala ya Valencia Street, ikiwa bado ina rangi yake ya kutosha na haina matundu, hutafutwa sana na wapenzi wa jinzi, lakini bei yake ni ya mamia ya dola. Milioni tano ni ndoto. Laki moja na nusu ni dhuluma. Huyo anayesema ni ya 1955 kisha akakupa laki na nusu, mtazame vizuri: kama anaamini anachosema, anakuibia mchana kweupe; kama haamini, basi anajua ni ya wapi, na bado anakuibia.

Sasa ujue kwa nini mambo haya yalikuzungusha. Wewe, na hao wateja, mmesoma maandishi. Lebo hushonwa kwa dakika tano, kifungo hubadilishwa kwa koleo. Kitambaa hakibadilishwi. Mimi nilikaa kwenye mitambo ya kufumia miaka tisa kabla sijaanza kukusanya jinzi, na mpaka leo nikipewa suruali naigeuza ndani kwanza, lebo naifikia mwisho. Ndiyo njia nitakayokufundisha.

Chukua vitu vitatu: kanga, kipande cha kaki la sare ya shule, na jinzi yoyote iliyochanika. Chukua na sindano. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili. Zile za urefu, zinazotandwa kwanza mtamboni na kuvutwa zikakaza, ndizo mtande. Zile zinazopita kwa upana na kuufunga mtande ndizo mshindio. Tofauti kati ya kanga na jinzi inaanzia kwenye namna hizo mbili zinavyopishana.

Kwenye kanga, chomoa uzi mmoja polepole utazame. Unapita juu ya mmoja, chini ya mmoja, juu ya mmoja, chini ya mmoja, mpaka mwisho. Ni ufumaji sahili kuliko wote. Merikani ya mababu zetu, ile shuka nzito isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na majahazi ya Salem, Massachusetts, tangu enzi za Seyyid Said, ilifumwa hivyohivyo. Viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani ndivyo vilivyoifuma, na ukanda huohuo ndiko kilikotoka kitambaa cha jinzi za mwanzo za Levi's: kiwanda cha Amoskeag, mji wa Manchester, New Hampshire. Kwa hiyo mchimba madini wa Nevada na mpagazi wa Bagamoyo walivalishwa na majirani. Lakini kitambaa kilikuwa si kimoja.

Sasa kwenye kaki. Tazama kwa karibu uone mistari midogo inayopanda kwa mshazari. Inatokea kwa sababu uzi wa mtande unapita juu ya nyuzi tatu za mshindio, chini ya mmoja, na uzi wa pembeni yake unafanya hivyo lakini ukianza hatua moja juu zaidi. Hatua hiyo ndiyo inayojenga mshazari, na huo ndio unaoitwa twili. Nyuzi zikikaa juu bila kufungwafungwa kila mara, unaweza kuzibana nyingi zaidi mahali pamoja, ndiyo maana kaki ni nzito na haichaniki kirahisi mtoto akipanda mwembe.

Jinzi ni mshazari huohuo. Kinachoitenga na kaki ni rangi. Kaki hutiwa rangi kotekote, mtande na mshindio sawa. Jinzi, mtande hutiwa nili kabla ya kufumwa na mshindio huachwa mweupe. Kwa kuwa mtande unapita juu ya tatu, nje unaona buluu tupu. Ukigeuza ndani unaona weupe umetawala. Nguo ya buluu ambayo ndani na nje zinalingana rangi, usiiite jinzi hata kama ina mifuko mitano na ribiti. Zile nyepesi, hasa za mashati, mara nyingi mtande hupita juu ya mbili tu. Wazee wetu pwani waliiita nguo ya namna hii dangirizi, na neno hilo limepitia India: Dongri, mtaa wa Mumbai, ndiko lilikoanzia jina la kitambaa ambalo Waingereza nao waliligeuza wakasema dungaree.

Kwenye nili hapa nitakaa kidogo, maana ndipo thamani yote ilipo. Nili ni rangi ya ajabu. Haiyeyuki kwenye maji mpaka uiondolee hewa ya oksijeni. Uzi ukizamishwa kwenye pipa la nili hutoka ukiwa wa manjano ya kijani, kisha ukipigwa na upepo hugeuka buluu mbele ya macho yako. Unazamishwa tena, unapigwa upepo tena, mara nyingi. Kila mzamo unaongeza utando juu ya uzi, lakini rangi haifiki kiini. Ukikata uzi wa jinzi nzuri ukautazama kwa kioo cha kukuzia, katikati ni mweupe kama moyo wa muhogo. Zamani nili ilitoka kwenye majani; mwaka 1897 BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza ya kutengenezwa kiwandani, na baada ya muda mfupi ya majani ikakosa soko. Jinzi karibu zote utakazozishika maishani mwako ni za nili ya kiwandani, usidanganywe na muuzaji anayetaja mimea.

Kwa kuwa rangi imekaa juu tu, kila kunapokunjwa na kusuguliwa inabanduka na weupe unajitokeza. Goti, paja, mahali pochi ilipokaa. Kanga ikichuja tunamrudishia mwenye duka kwa maneno makali. Jinzi ikichuja ndiyo bei inapanda. Ila ujue kuchuja kwa kuvaliwa na kuchuja kwa kiwandani. Suruali iliyovaliwa na mtu mmoja kwa miaka ina mistari nyuma ya magoti inayofuata jinsi alivyokuwa akikaa, na mguu wa kulia haufanani na wa kushoto. Iliyosuguliwa kiwandani kwa mchanga au msasa, miguu yote ni mapacha. Weka miguu pamoja mezani, utaliona hilo kabla hujasoma neno lolote.

Sasa huo ukingo. Mitambo ya zamani ilipitisha mshindio kwa chombo kidogo cha mbao chenye umbo la mtumbwi, kimebeba uzi tumboni, kikirushwa kutoka upande mmoja wa mtambo hadi mwingine na kurudi. Mafundi tulikiita shato. Kelele zake, mwanangu, ukitoka zamu unazungumza na mkeo kwa kupiga ukelele. Kwa kuwa uzi ni mmoja unaokwenda na kurudi, kila unapofika pembeni unageuka na kufunga ukingo. Ukingo huo haufumuki hata usiposhonwa, na ndio selveji. Mtambo wa shato hutoa kitambaa chembamba, karibu sentimita 75 hivi, kwa hiyo mkataji suruali alipanga mshono wa nje wa mguu uangukie ukingoni ili asipoteze hata kidole. Ndiyo sababu mstari unauona ukikunja mguu na si mahali pengine.

Mitambo iliyofuata haina shato. Inarusha uzi kwa upana mkubwa, maradufu ya ule wa zamani, inaukata kila upande, na kitambaa kinatoka na ukingo wenye manyoya. Jinzi za namna hiyo mshono wa nje hufungwa kwa ovaloki. Kwenye 501 za Marekani selveji ilitoweka katikati ya miaka ya 1980. Kitambaa chake kilikuwa cha Cone Mills, kiwanda cha White Oak, Greensboro, North Carolina, kilichofunguliwa mwaka 1905. Ule mstari mwekundu uliwekwa tangu 1927 ili kitambaa cha Levi's kijulikane kati ya vya wateja wengine. White Oak ilifungwa siku ya mwisho ya mwaka 2017, na tangu hapo kila kipande chake kimeanza kunukia pesa.

Lakini selveji si cheti cha kuzaliwa. Wajapani walinunua na kufufua mitambo ya shato, na kuanzia miaka ya 1980 na 1990 kampuni ndogo za Osaka na washonaji wa Kojima, mkoani Okayama, wakawa wananakili jinzi za Kimarekani kuliko Wamarekani wenyewe. Siku hizi India, Pakistani, Uturuki na China wote wanafuma selveji, na wengi wanaweka mstari mwekundu kwa sababu wateja wanaupenda. Kwa hiyo mstari mwekundu peke yake unakwambia jambo moja tu: hapa palipita shato. Mwaka hauwezi kukwambia. Nimewahi hata kuona utepe wenye mstari mwekundu umeshonewa juu ya ovaloki. Tena niliununua. Muuzaji alikunja sentimita tano tu za chini, nami nilikuwa na haraka ya basi. Kunja mguu mpaka gotini kila mara.

Hiyo ringi unayoisikia ni habari ya kusokota uzi. Uzi wa zamani ulisokotwa kwa mashine za ringi, taratibu, na haukutoka sawa: hapa mnene, pale mwembamba, mara kinundu. Ukifumwa, jinzi inakuwa na uso wenye uhai, na ikichuja inachuja kwa michirizi ya wima kama mvua juu ya bati. Katika miaka ya 1970 viwanda vingi vikahamia kusokota kwa rota, kwa kasi kubwa na gharama ndogo, uzi ukatoka unaofanana mwanzo mpaka mwisho. Jinzi yake huchuja kwa usawa, uso wote unapauka pamoja. Jaribio lake ni rahisi: chomoa uzi wa mshindio kutoka mahali palipochanika, ushike kwa vidole viwili, uufungue msokoto wake. Wa ringi unafunguka na nyuzinyuzi zinaachana kwa ulaini. Wa rota unagoma, maana kuna nyuzinyuzi zimeuzungukia kwa nje kama mshipi. Ukishaufanya mara ishirini hutahitaji kuchomoa tena, kiganja kitakwambia.

Mshazari nao una pande. Ishike suruali kama imevaliwa, utazame nje ya paja. Mistari ikipanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kama mkato wa katikati wa herufi Z, ni mshazari wa kulia. Levi's ndiyo desturi yao. Ikipanda kutoka kulia kwenda kushoto, kama tumbo la S, ni wa kushoto, na hapo mawazo yako yaende kwanza kwa Lee, walioutumia kwa miongo mingi. Uzi wa jinzi kwa kawaida husokotwa kuelekea upande mmoja. Mshazari ukienda kinyume na msokoto, kitambaa kinatulia na kuwa laini mapema. Ndiyo maana jaketi la Lee lililofuliwa mara mia linashikika kama sikio la mbuzi, na Levi's ya umri uleule bado ina ukavu.

Mshazari wa upande mmoja una kasoro yake: kitambaa kina tabia ya kupindia upande wake kikifuliwa. Umeshaona jinzi ya zamani ambayo mshono wa pembeni umepotea njia ukaja mbele ya goti? Wengi huitupa kwenye rundo la fagia wakidhani ilishonwa vibaya. Usiitupe. Mara nyingi ni dalili ya kitambaa cha zamani ambacho hakikunyooshwa kiwandani. Baadaye viwanda vilijifunza kukipindisha kwanza upande wa pili ili kisizunguke. Wrangler wao walitafuta dawa nyingine mwaka 1964: mshazari uliovunjwa, unaogeuka upande kila baada ya nyuzi mbili, hivyo nguvu za kulia na kushoto zinauana. Ukitazama nje ya Wrangler ya namna hiyo huoni mstari wa mshazari, unaona kama punje zilizotawanyika.

Jambo moja litakalokusaidia kesho asubuhi sokoni ni kurudi kwa kitambaa. Mnamo 1930 Sanford Cluett wa kampuni ya Cluett Peabody, Marekani, alileta njia ya kukifanya kitambaa kirudi kabla ya kushonwa, ndiyo inayoitwa sanforaizi. Kilichofanyiwa hivyo hurudi kidogo mno. Ambacho hakikufanyiwa kinaweza kurudi hata asilimia 10, na 501 ya asili iliuzwa hivyo kwa makusudi, mvaaji ainunue kubwa aiache inywee mwilini. Kwa hiyo ukikuta lebo inasema kiuno 34 na futi yako inasoma 31, usimlaumu aliyebandika lebo. Pima kila suruali kwa futi na uandike namba zote mbili. Mnunuzi anayejua atakuuliza.

Miaka naitaja kwa haraka, utaizoea. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, na Levi Strauss walipata hati ya ubunifu wa ribiti tarehe 20 Mei 1873. Mfuko wa nyuma ulikuwa mmoja mpaka 1901. Vishikizo vya mkanda viliongezwa 1922, kilebo chekundu 1936, ribiti za mifuko ya nyuma zikafichwa ndani 1937 kwa sababu zilikuwa zinakwangua viti na matandiko ya farasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili uzi ulibanwa, ile mishono miwili ya upinde mifukoni ikapakwa rangi badala ya kushonwa, nayo ilifutika kwa kufuliwa. Ribiti za kufichwa ziliondolewa yapata 1966, na E kubwa ikawa e ndogo mwaka 1971. Za kabla ya 1906 kuzipangia mwaka ni kazi ngumu hata kwa kampuni yenyewe, maana tetemeko na moto wa San Francisco viliteketeza kumbukumbu zake. Mwaka 2022 suruali ya Levi's ya miaka ya 1880 iliyotolewa kwenye shimo la mgodi ulioachwa ilinadiwa New Mexico, nyundo ikagongwa kwenye dola 76,000. Hiyo haitatoka kwenye belo la Ilala. Nakwambia mapema.

Na hili lazima tulisemane kwa uwazi. Mitumba inayotufikia imeshapita mikononi mwa wachambuzi Marekani, Kanada, Ulaya, wakati mwingine na India, na wale wanaijua E kubwa kuliko mimi na wewe. Kilichobaki ni walichokidharau au kilichowapita kwa uchovu. Kwa hiyo mtaji wako ukiutega kwa 501 za miaka ya 1950 utazeeka unafungua mabelo. Tega kwa vilivyo jirani. Wrangler zenye jina Blue Bell kwenye lebo: Blue Bell ilinunuliwa na kampuni ya VF mwaka 1986, kwa hiyo jina hilo ni dalili nzuri ya tarehe. Majaketi ya Lee ya mshazari wa kushoto. 501 za Marekani za mwanzo wa miaka ya 1980 ambazo bado zina selveji. Zina e ndogo, ndiyo maana wasomaji wa lebo wanazipita. Ovaroli na makoti ya kazi ya kampuni ambazo hakuna anayezitaja, yaliyojaa rangi na oili za watu waliokuwa wakifanya kazi kweli. Na nakala za Kijapani, ambazo wachambuzi wengi huzitupa pamoja na jinzi za kawaida kwa sababu majina yake hawayajui. Mwenzako mmoja wa Gikomba, Nairobi, aliniambia kamera yake bora, yaani nguo yake ya daraja la kwanza, ya mwaka mzima ilikuwa suruali ya namna hiyo, aliinunua kwa bei ya chai na mandazi.

Anza na kumi tu. Kila moja iandikie kwenye daftari: vipimo, upande wa mshazari, ringi au rota, selveji au ovaloki, kilichogongwa nyuma ya kifungo, uzi wa kushonea. Huo uzi wa kushonea usiusahau. Chomoa kidogo uuchome: wa pamba unaungua ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, wenye poliesta unayeyuka ukaacha kishanga kigumu. Nguo inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1940 iliyoshonwa kwa uzi unaoacha kishanga, ama imerekebishwa ama inadanganya. Uliza swali lingine kabla ya kutoa pesa.

Fundi cherehani wako umwonye. Asifupishe, asibane miguu, asiondoe kiraka cha kale. Mimi niliwahi kuwa na suruali ya Lee niliyoipenda, nikampelekea fundi mmoja aipunguze chini kwa sababu iliburuza. Aliikata kwa moyo mweupe, akaipiga pasi vizuri, akanirudishia na vile vipande viwili vimekunjwa ndani ya gazeti. Pindo la asili lilikuwa limeshonwa mnyororo, lile linalojiviringisha na kuchuja kama kamba. Vipande hivyo ninavyo mpaka leo, suruali yenyewe sijui iko kwa nani. Tundu likizidi, lifumwe kwa uzi wa pamba wa rangi inayokaribiana, kwa mkono, na kipande cha nguo nyepesi kwa nyuma.

Kuhifadhi hapa kwetu ni vita na unyevu. Vifungo vingi vya zamani ni chuma kilichopakwa shaba. Dar es Salaam vinashika kutu msimu mmoja na kutu inakula kitambaa kinachovizunguka. Usiweke kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye shuka ya pamba, mahali penye upepo, utoe na kupunga kila mwezi. Ikinuka ukungu, igeuze ndani nje, iloweke kwenye maji baridi na sabuni kidogo isiyo kali, usikamue, anika kivulini. Jiki isisogee hata chumbani.

Na hiyo ya 555, usiifue kwanza. Ipige picha mchana, nje, si kwa taa: mbele, nyuma, kilebo, nyuma ya kifungo, selveji mpaka gotini, na kile kisiki cha lebo iliyokatwa. Kisiki usikichomoe hata kama kinaudhi macho. Itangaze kwa jina lake: nakala ya Valencia Street, lebo ya ndani imekatwa, kiuno kwa futi ni kadhaa. Wanunuzi wake wapo na wanaijua, na ukiwaambia kilichokatwa kabla hawajauliza hawatakubania bei sana. Ikikushinda kuiuza kwa sababu umeipenda, sitashangaa. Yangu ya kwanza nayo ilikuwa nakala.